Mkuu ananidhalilisha parade, niandike barua ya kuacha kazi?

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni mwalimu wa kemia sekondari moja ya private hapa Morogoro, mwaka wa 3 sasa. Tangu niulize kwenye kikao kwa nini michango yetu ya NSSF haipelekwi, mkuu wa shule kaniandama. Juzi parade kaniita mzembe mbele ya shule nzima, vipindi kaniongezea mpaka 34 kwa wiki, zamu ya wikiendi ni mimi tu, na mwezi uliopita kanikata 80,000 eti nilichelewa. Sasa anataka niandike mwenyewe kwamba naacha kazi kwa sababu za kifamilia, ili tuachane kwa amani. Wenzangu wakiniona staff room wanainamia madaftari. Barua nimeshaiandika, ipo kwenye pochi. Niipeleke?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Usiipeleke. Ichane leo hiihii.

Sheria ya ajira ya 2004 inasema mwajiri akifanya kazi isivumilike mpaka ukaacha, hiyo inahesabika kama kakuachisha, na unaweza kwenda CMA, yaani tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi, kudai. Sasa ukiandika kwa mkono wako sababu za kifamilia, siku ya shauri karatasi hiyohiyo ndo itawekwa mezani, we utasema nini? Walimu wengi wanaandika hivyo kwa ustaarabu tu, hawataki ugomvi, na wanaumia.

Nunua daftari, andika tarehe, saa, maneno yake kama yalivyomtoka na nani alikuwepo. Ratiba ya zamani na ya sasa piga picha, salary slip tunza. Ile 80,000 mwombe kwa maandishi akuonyeshe imekatwa kwa kifungu gani, maana mshahara haukatwi kwa mdomo wa mkuu. Halafu andika malalamiko kwa mwenye shule, ubaki na kopi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Na usijione unakuza mambo, kumdhalilisha mwalimu ni kosa zito. Mwaka 2009 mkuu wa wilaya ya Bukoba aliamuru walimu 19 wachapwe viboko, na Rais Kikwete akamfukuza kazi.

Wenzako usiwachukie, wanaogopa mikataba yao. Ila NSSF ni ya kwenu wote, kila mmoja akaombe taarifa ya michango yake, pale hata mwoga atakwenda.

Muda uangalie sana: ukiachishwa una siku 30 za kufungua shauri CMA, migogoro mingine siku 60, na watu wanapoteza haki zao kwa kusubiri mkuu apoe.

Ikifika siku huwezi tena kabisa, andika barua nyingine inayotaja parade, vipindi, zamu na 80,000, na kabla hujaipeleka mpe asome mtu wa chama cha wafanyakazi au wakili.