Shangazi, mke wangu analala kwenye maombi

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanaume wa miaka 38, fundi alumini, naishi Kimara na mke wangu na watoto wetu wawili. Miaka miwili iliyopita niliokoka, nikaacha mambo yote ya dunia: pombe, marafiki wabaya, yule dada wa Mbagala na mengine yanayomhusu. Tangu hapo nina kiu ya kukua kiroho. Tatizo ni mke wangu. Yeye bado yuko kwenye dini ya mazoea, Jumapili anakwenda kanisani kwao, akirudi ndiyo basi. Kila siku saa tano usiku naongoza maombi ya familia mpaka saa sita na nusu, lakini yeye anasinzia. Wiki iliyopita amelala mara tatu, siku moja mpaka anakoroma. Halafu saa tisa usiku, saa ambayo wenzake wanaamka kuomba, yeye anaamkia jiko la vitumbua. Huu ni mwezi wa tano nalala sebuleni kwa ajili ya utakaso. Niko kwenye mfungo wa siku 40, nimesimama na Isaya 58:6, kufungua vifungo vya uovu, lakini nikipanda ngazi moja, nikirudi nyumbani nashuka mbili. Mshauri wangu wa kiroho anasema huenda nimefungiwa nira na asiyeamini. Nifanyeje nisirudi nyuma? – Mwenye Kiu, Kimara*

Marahaba baba. Pole, na hongera pia. Miaka miwili bila kugusa chupa katika mji huu, ambako ukitoka kazini unapita baa nne kabla ya kuiona nyumba yako, si kitu cha kufanyia mzaha. Umejitahidi.

Pole imeishia hapo. Vuta kiti.

Mara ya kwanza niliisoma barua yako kama ulivyotaka isomwe, nikamwona mwanamke mzito wa roho anayemvuta mumewe shati. Mara ya pili niliisoma na kalamu mkononi, nikapiga hesabu. Maombi yanakwisha saa sita na nusu. Mke anaamka saa tisa. Katikati hapo kuna saa mbili na nusu. Hata mlinzi wa getini hulala zaidi ya hapo, tena yeye analipwa kwa kukesha. Halafu unanishangaa, eti anakoroma! Mimi namshangaa anavyoamka.

Hivi baba, umewahi kukaa naye jikoni saa hizo? Nauliza kwa sababu barua yako inalitaja jiko la vitumbua kama vile ni starehe aliyoichagua badala ya Mungu. Mama yangu mzazi aliuza vitumbua, basi ngoja nikueleze. Mchele unalowekwa mapema. Usiku unasagwa na tui la nazi, unatiwa iliki, sukari na hamira, unafunikwa uumuke. Ukichelewa kuamka, rojo inapanda mpaka inamwagikia sakafuni, na uchachu umeshaingia. Ukiwahi sana, vitumbua vinatoka vigumu kama ndala. Chuma kinawekwa motoni, mafuta tone kwa tone kwenye kila tundu, unamimina, unasubiri ukingo ukauke, unageuza kimoja kimoja kwa kijiti, na moshi wote unapita usoni. Mama alikuwa anasinzia amesimama, kijiti mkononi. Sisi watoto tulipewa kazi moja tu, kumgusa kiwiko tukisikia harufu ya kuungua. Na yote hayo yawe yamekwisha kabla watu hawajaanza kumiminika kituoni, maana mteja wa kitumbua hamsubiri mtu. Gari likifika kapanda, na njaa yake kapanda nayo.

Sasa niambie. Ada ya watoto inatoka wapi? Katika barua nzima hukutaja hata mara moja kazi yako ya alumini inaendaje, ila mfungo umeutaja, ngazi umezitaja, na kukoroma umekuhesabia mara. Mtu ambaye kazi yake inalisha nyumba huwa hasahau kuisema. Nakisia tu, lakini nimezeeka katika kukisia: madirisha ya watu yanasubiri, na chuma cha vitumbua ndicho kimeishika nyumba. Kama ndivyo, baba, wewe ndiye unayemtilia mwenzako mchanga kwenye kitumbua chake, na hapa sisemi kwa mafumbo.

Wewe ni msomaji wa Biblia, hebu fungua 1 Wafalme 19. Eliya amechoka, amejilaza chini ya mretemu, anaomba afe. Mungu amemfanya nini? Malaika kaja kamgusa, kamwambia inuka ule. Kichwani pake kuna mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na maneno yaleyale, inuka ule. Hakuulizwa kwa nini anasinzia. Baada ya hapo ndipo alipotembea siku arobaini, mchana na usiku. Siku 40 za Eliya zilianza kwa usingizi na chakula. Zako umezianza kwa kumnyima mwenzako usingizi, na chakula anakipika yeye.

Hiyo "dini ya mazoea" imenigusa kidogo, nikiri. Mimi ni mtu wa dini hiyo. Kipaimara nilipata pale Azania Front, kanisa lile la vigae vyekundu walilolijenga Wajerumani kati ya 1898 na 1902, na sijawahi kuanguka chini wala kunena kwa lugha. Nimeona wazee pale wamekaa benchi moja miaka arobaini, sala zao hazisikiki hata kwa jirani, lakini akifa mtu mtaani wao ndio wanafika wa kwanza na sufuria. Sisemi kwamba kwenu hakuna watu wa namna hiyo. Wapo. Ila siku hizi hapa Dar tumeanza kuupima wokovu kwa spika. Mtu anakesha Ijumaa mpaka kuku wanawika, Jumamosi ameshinda amelala, mkewe anatembea kwa kunyata asimwamshe mtumishi wa Mungu. Mwingine ana chupa ya mafuta ya upako kila chumba, lakini shemeji yake hawajasalimiana tangu msiba wa baba yao. Wake nao wapo, msije mkadhani nawachuna wanaume peke yao. Yupo aliyeniandikia kwamba amefunga siku tatu ili mumewe abadilike, na kosa la mumewe ni kuangalia mpira. Ndoa za siku hizi zina wapelelezi wengi. Kila mmoja amemfungulia mwenzake faili la dhambi, na akienda kuomba anakwenda kulisoma mbele za Mungu, kama vile Mungu hakuwepo nyumbani.

Nimetoka nje ya barua, narudi.

Nira na asiyeamini liondoe kabisa. Mwanamke anayekwenda kanisani kila Jumapili akiwa na usingizi wa saa mbili na nusu ni asiyeamini kwa kipimo cha nani? Hata angekuwa haamini kweli, Paulo huyohuyo aliyeandika habari za nira alisema ndugu mwenye mke asiyeamini, kama mke anakubali kukaa naye, asimwache. Ni 1 Wakorintho 7. Ukiwa hapohapo, soma na mstari wa 5, unaosema msinyimane isipokuwa mmepatana kwa muda. Baba, hiyo miezi mitano ya sebuleni mlipatana? Alikubali? Au aliamka siku moja akakuta mto wako uko kwenye kochi? Maana sikuona mahali ulipoandika "tulikubaliana". Kila mahali ni "mimi". Utakaso wa mtu mmoja ndani ya ndoa ya watu wawili, mke anausoma kwa jina lingine: sitakiwi. Na pengine ndiyo maana saa tano usiku analala. Angalau kwenye maombi mko chumba kimoja.

Na huyo mshauri wako wa kiroho, simjui na simsemi vibaya. Nauliza swali moja tu: umemwambia habari za Mbagala?

Ndiyo, nimefika Mbagala. Ulidhani nimeruka? Uliandika "yule dada wa Mbagala na mengine yanayomhusu", ukaipitisha katikati ya pombe na marafiki, haraka haraka, kama mtu anayepitisha mzigo wa magendo. Hayo mengine yanayomhusu, baba, yana umri gani? Yameshaanza shule? Yanafanana na wewe?

Kama nimekosea, niandikie nitakuomba radhi hapahapa mbele ya wasomaji. Lakini nimesoma barua nyingi, na "mengine yanayomhusu" mara nyingi huwa na miguu miwili na huita mtu baba. Pombe unaweza kuiacha. Marafiki wabaya unaweza kuwaacha. Mtoto haachwi kwa kuokoka.

Bibi yangu alikuwa wa Bukoba, na aliokoka katika uamsho ule uliowaka Gahini kule Rwanda miaka ya 1930, ukapita Uganda mpaka kwetu. Hili jina walokole tunalotaniana nalo hapa mjini limetoka huko, kwa Waganda, maana yake waliookolewa. Unajua watu walivyokuwa wanamtambua mlokole wa wakati ule? Walikuwa wanasikia hodi. Mtu anakuja mlangoni na jembe aliloliiba zamani, au na deni ambalo mwenyewe alishalisahau, anasema nilikukosea, hiki hapa. Waume waliwaeleza wake zao mambo ambayo wake hawakuyauliza. Waliita kutembea nuruni, na haikuwa raha. Bibi alisema nyumba nyingine zilitikisika kwanza ndipo zikatulia, na nyingine hazikutulia haraka. Kukua kiroho kwao kulikuwa na anwani za watu wa kwenda kugongewa mlango. Wewe una anwani moja, unaijua, na umeizungushia siku 40.

Sasa hiyo Isaya 58:6 uliyosimama nayo. Umesimama mahali pazuri, ila umesimama mstari mmoja nyuma. Sogea mstari wa 7. Mungu anaendelea kuueleza mfungo anaoutaka: umgawie mwenye njaa chakula chako, umvike aliye uchi, "wala usijifiche na mtu mwenye damu moja nawe". Rudia maneno hayo taratibu. Mtu mwenye damu moja nawe. Yako kwenye mfungo wako mwenyewe, sura yako mwenyewe, na nina hakika jicho lako limeyapita mara nyingi. Ndiyo maana ukirudi nyumbani unashuka ngazi mbili. Kule kwenye mkesha hakuna anayekujua. Nyumbani kuna macho ya mwanamke ambaye unamficha kitu. Ni rahisi zaidi kumwita yeye mzito kuliko kumtazama.

Utafanya hivi. Maombi ya familia yasogezwe saa mbili usiku, baada ya chakula, watoto wakiwa macho, dakika kumi na tano zinatosha. Yeye alale saa tatu. Wewe ukitaka kuendelea mpaka alfajiri, endelea, Mathayo 6 inakwambia ingia chumbani ufunge mlango. Hakuna ulazima wa kuwa na mtu wa kukusikiliza. Rudi kitandani kwenu, lakini uliza kwanza, maana miezi mitano si midogo na huenda naye ana la kusema.

Mbagala mwambie mwenyewe kwa kinywa chako. Usimwambie katikati ya maombi, wala mbele ya mshauri, wala usiivike mistari. Na usije ukamwoshea vyombo wiki nzima ndipo useme, atadhani vyombo vilikuwa hongo, na atakuwa hajakosea. Mwambie siku ambayo hauzi, watoto wakiwa kwa bibi yao. Akilia mwache alie. Akisema alishajua, usishangae. Mwanamke anayeuza kituoni huletewa habari za wilaya tatu kabla jua halijachomoza. Akisema anataka muda, huo muda ni wake, na wewe hutahesabu siku. Sikuahidi kwamba atakusamehe. Zakayo aliposema atarudisha mara nne hakuwa ameuliza kwanza kama watu watampigia makofi.

Halafu matumizi ya mtoto huyo yaanze, kila mwezi, mke wako akijua ni kiasi gani. Yatoke kwenye alumini. Kwenye vitumbua usiguse hata shilingi.

Kuhusu saa tisa usiku, wewe si umezoea kukesha? Basi una kipawa ambacho nyumba yako inakihitaji. Amka washa jiko. Akikuuliza una nini leo, mwambie Shangazi kakutuma, alale tena nusu saa. Ila mchele unalowekwa mapema, kwa hiyo leo jioni itabidi umuulize huwa analoweka kilo ngapi. Miaka yote hiyo, nina wasiwasi hujui.