Jibu: mtoto analia akikojoa, hataki kukaa

Pole sana dada. Umeuliza kama binti wa mdogo wako, miaka 6, kulia akikojoa na kukalia ubavu ni UTI tu, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Inaweza kuwa UTI kweli, au minyoo. Ila usinunue dawa dukani ukasubiri, mpeleke hospitali leo.

Kinachonishtua mimi kama muuguzi, nikawaza ukatili wa kingono, ni doa la damu au uchafu kwenye chupi, michubuko sehemu za siri, kutembea kwa shida, UTI inayorudi rudi, au mtoto aliyeshaacha kukojoa kitandani kuanza tena. Na wengi waliofanyiwa ukatili hawana alama yoyote mwilini, kwa hiyo daktari asipoona kitu bado msikilize mtoto.

Niliwahi kumpokea mtoto ambaye mama yake alishamkanda kwa maji ya chumvi na kufua chupi, kwa huruma tu, na ushahidi ukaenda na maji. Ukishuku, usimwogeshe. Nguo weka kwenye bahasha ya kaki, plastiki hapana. Dawa za kuzuia VVU huanza ndani ya saa 72, mapema zaidi ndiyo bora.

Usimhoji mara kumi. Mwambie hana kosa. PF3, fomu ya polisi ya kupelekea majeruhi hospitali, inatoka polisi, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Akiwa na hali mbaya, hospitali kwanza. Namba 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Na wazee wakitaka yaishe nyumbani kwa mbuzi wawili, kataa, dada yangu.