Jibu: sokomutu (sokwe) anarudia njia moja siku ya Mungu (Jumapili), ni sababu ya watu?

Ndugu, umeuliza kama wingi wa watu siku ya Mungu pale zoo ya Lubumbashi ndio unaomfanya sokomutu ajikune na kurudia njia ileile. Inawezekana, lakini hesabu kwanza. Chukua saa na daftari: kila dakika 1, kwa dakika 30, andika anachofanya wakati huohuo (anakula, anajikuna, anarudia njia, amejificha), na pembeni idadi ya watu na kelele. Rudia siku ya kazi, saa ileile, walau mara 6 siku ya Mungu na mara 6 siku ya kazi, maana saa ya chakula na jua la Oktoba navyo hubadili tabia.

Mtego uko hapa: mnyama akichangamka, watu ndio humkimbilia. Kwa hiyo angalia nani alianza. Na aliyejikunyata kimya kwenye kona usimwite mtulivu.

Ukiona ni watu kweli, kizuizi kirudishwe nyuma kama mita 2, upande mmoja wa uzio ufunikwe kwa mikeka, na awekewe jukwaa lililo juu ya vichwa vya wageni. Karanga na ndizi za wageni zikomeshwe kabisa: anayelishwa hujifunza kuomba, akinyimwa anaweza kurusha mawe. Tena mafua yetu humwambukiza.