Usiitoe hiyo kazi: ripoti moja, watu kumi, alama moja

Unataka kuwapa wanafunzi wako kazi ya kikundi, na unauliza uwapange mwenyewe au wajichagulie wenzao, na wawasilishe siku gani. Ngoja kwanza. Makundi ya watu kumi kumi, ripoti moja ya kurasa 20, alama ileile kwa wote, asilimia 40 ya kozi? Niliitoa kazi hiyohiyo nilipoanza kufundisha, na kuna binti iliyemwumiza.

Alikuja ofisini na kompyuta yake, akanifungulia historia ya faili. Mabadiliko karibu yote yalikuwa yake, ya usiku wa kuamkia siku ya kukusanya. Mwenzake mmoja alionekana mara moja tu: kaingia, kaandika jina na namba yake ya usajili kwenye jalada, katoka. Wote nilikuwa nimewapa alama sawa. Hakuja kuomba aongezewe. Alitaka muhula unaofuata aruhusiwe kufanya peke yake.

Na yale makundi yaliyogawana sura "kwa haki" hayakuwa na nafuu. Kila mtu kaandika chake, hakuna aliyesoma cha mwenzake. Hojaji ya sura ya tatu inauliza mambo ambayo sura ya kwanza haijayagusa kabisa.

Mkufunzi wa semina ndiye aliyetuambia alama moja itawaunganisha. Alisema bila kupepesa macho, na hilo linaniudhi hadi leo, kwa sababu lilikwishapimwa zamani. Mfaransa Ringelmann alichapisha mwaka 1913 vipimo vya watu wavutao kamba: wakiwa wanane, kila mmoja alitoa takriban nusu ya nguvu aliyoitoa akiwa peke yake. Mwaka 1981 wanasaikolojia Williams, Harkins na Latané wakawaambia watu wapige kelele kwa pamoja, wakapima sauti. Waliokuwa wakitegea waliacha walipojua sauti ya kila mmoja inapimwa. Kutegea kunaletwa na namna kazi ilivyopangwa. Usiwasingizie vijana uvivu.

Kwa hiyo shika hili moja: kabla kundi halijakutana, kila mwanafunzi awe amekabidhi kazi yake, yenye jina lake, na yenye alama. Mhadhiri Larry Michaelsen alianza hivyo katika Chuo Kikuu cha Oklahoma, Marekani, miaka ya 1970: mtihani wa mtu binafsi kwanza, kisha kundi linajibu maswali yaleyale. Ukisikia wanavyobishana pale, kila mtu akitetea jibu alilokwisha kulitoa, utajua ndiyo kazi ya kikundi.

Zile kurasa 20 zifute. Wape tatizo moja lisilogawanyika, mfano data ileile na uamuzi mmoja wa kuchagua, na kundi litetee uamuzi wake kwa ukurasa mmoja. Watu watano au sita wanatosha. Nusu ya alama iwe ya mtu, nusu ya kundi.

Kama umeshatangaza, tangaza upya; watanung'unika kisha watafanya. Yaweke maelekezo yako mapya hapa kabla hujayapeleka darasani, nitayasoma leo usiku.