Jeni ambayo ikikatwa inaua kila seli sio lazima iwe shabaha ya dawa

Swali: Shikamoo dokta. Nasoma masta hapa Muhimbili, utafiti wangu ni kansa ya umio. Nimeshusha data za CRISPR (mkasi wa kukata jeni moja moja) za DepMap, ile hifadhi ya majaribio ya seli za kansa, nikachuja seli za umio tu, nikapanga kuanzia alama ya chini kabisa. Juu zimekuja PSMB5, POLR2A na nyingine za aina hiyo. Naweza kuziandika kama shabaha mpya za dawa?

Jibu: Marahaba. Hapana, usiziandike bado. Hizo zingekuja juu hata ungechuja mapafu au damu, maana PSMB5 ni sehemu ya proteasomu inayovunja protini, POLR2A ndo inasoma DNA kutengeneza RNA, bila hizo hakuna seli inayoishi, iwe ya kansa au ya ini la mgonjwa. Ni kama kukata umeme wa mtaa mzima ili uzime taa ya chumba kimoja. (Ndio, bortezomib inapiga PSMB5 na inatibu myeloma, ila hiyo ni kesi yake maalum.)

Ile alama isome hivi: 0 maana yake ukiikata jeni seli haijali, -1 ni namba ya kati ya jeni ambazo karibu kila seli inazihitaji. Sasa wewe unatafuta tofauti, yani jeni ambayo ikikatwa inaua kundi lako na kuwaacha wengine wazima. Angalia jeni ya WRN: mwaka 2019 watafiti wa taasisi za Broad kule Marekani na Sanger kule Uingereza walionesha kwamba seli zenye maikrosatelaiti (vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia) zilizovurugika zinakufa WRN ikikatwa, zingine zinaendelea tu kukua. Kwahiyo linganisha umio na seli zote zilizobaki, afu ondoa zile zilizoandikwa kuwa za lazima kwa wote.

Kuna mtego mwingine na kwenye umio ni mkubwa. Cas9, yani ule mkasi wa CRISPR, inakata kila nakala ya jeni, nakala zikiwa nyingi DNA inakatika sehemu nyingi mno na seli inaacha kukua hata kama jeni yenyewe haina kazi yoyote pale. Kansa ya umio ya skwamasi (inayoanzia seli bapa za utando wa ndani) mara nyingi imeongeza nakala za eneo la 11q13 kwenye kromosomu 11, ilipo jeni ya CCND1 na majirani zake, basi jirani yeyote akikutokea juu mtilie shaka kwanza. Chronos, programu ya DepMap inayokokotoa alama, inasahihisha hilo lakini haimalizi. Fungua faili la idadi ya nakala, halafu cheki na data za RNAi (njia ya kunyamazisha jeni kwa kuharibu RNA yake), maana RNAi haikati DNA, kama jeni inashikilia kote kuwili hapo una kitu cha kumpelekea msimamizi wako.

Na tafadhali andika kwenye tasnifu seli zenyewe zimetoka wapi. Zile za umio zenye majina ya KYSE zilianzishwa Kyoto, Japani, na wagonjwa unaotaka kuwasaidia wako hapo hospitali ya kansa ya Ocean Road, hilo mtahini atakuuliza na ana haki ya kuuliza.

Ukiunganisha mafaili tumia namba za DepMap za kutambulisha seli, zile zinazoanza na ACH, majina ya seli yanaandikwa kila mahali kivyake na utapoteza safu bila kujua.