Re: Wa miaka 4 analia kila siku eti juisi yake ndogo

Dada, huyo wala si mroho. Umempimia sawa na kaka yake ila glasi ya kaka ni nyembamba, juisi inapanda juu, na kwa umri wake kilichopanda juu ndo kingi, hata ukimimina mbele ya macho yake atabisha tu. Piaget, yule mwanasaikolojia wa Uswisi, aliwapima watoto hivohivo kwa vyombo viwili, wengi wanakuja kuelewa kwenye miaka 6 au 7 hivi, so kumfokea saa hizi ni kumwonea bure. Nunua vikombe vya plastiki vya seti moja, jaza usawa mmoja. Na huyo mkubwa aache kumringishia glasi, maana najua anafanya makusudi 😂