Nyigu wa Scoliidae: anza na bawa, rangi iache kwanza

Watu wanaonitumia picha za hawa nyigu wakubwa weusi wenye manyoya karibu wote wanaanza na rangi, ana mikanda miwili ya njano, ana papasi (vile vipapasio vya kichwani) nyekundu, na mimi kila mara narudi palepale: nioneshe bawa. Kwenye familia hii rangi inapoteza sana watu, maana dume na jike wa spishi moja wanaweza wasifanane kabisa. Chukua Campsomeriella, jenasi mojawapo ya familia hii, dume ni mwembamba ana mikanda ya njano, jike ni mnene mweusi na pindo za manyoya tumboni, ukiwaweka pamoja utaapa ni wadudu wawili tofauti.

Kwanza hakikisha ni Scoliidae kweli. Angalia ncha ya bawa, kuanzia pale mishipa inapoishia mpaka ukingoni, pana mikunjo myembamba mingi imelala kwa urefu, mwanga ukimpiga kwa pembeni inang'aa rangirangi. Halafu mgeuze chali, chini ya kifua utakuta pamekuwa bapa kama sahani na miguu ya kati na ya nyuma imeachana, kulia huko na kushoto huko. Ukiona vyote viwili basi huyo ndo mwenyewe.

Pili, jua jinsia kabla hujafungua ufunguo wowote, yaani yale maswali ya hatua kwa hatua ya kutambulia wadudu, maana funguo nyingi zinamtenga dume na jike. Jike ana papasi fupi zilizojikunja, pingili 12, na miguu minene ya kuchimbia yenye miiba. Dume papasi zake ndefu zimenyooka, pingili 13, na nyuma ana miiba mitatu ambayo atakuchoma nayo ukimshika ila hana sumu, sindano ya kweli ni ya jike.

Sasa jenasi. Bawa la mbele, tafuta ile mishipa inayopanda kutoka katikati ya bawa kuja kugusa safu ya vyumba, yaani nafasi zilizozungukwa na mishipa, vilivyo karibu na ukingo wa mbele. Familia ina makundi mawili makubwa: ikiwa miwili uko upande wa Campsomerini, ikiwa mmoja uko kwa Scoliini, yaani Scolia na ndugu zake. Baada ya hapo hesabu vile vyumba vya kwenye safu vilivyofungwa pande zote. Kule Marekani hesabu hii inakufikisha mbali sana: mishipa miwili na vyumba viwili ni Dielis, miwili na vitatu ni Colpa, mmoja na viwili ni Scolia, mmoja na vitatu ni Triscolia. Huku Afrika usitegemee hesabu peke yake, Campsomerini wetu ni wengi na itabidi ushuke mpaka kwenye manyoya, vitobo vya kichwani na via vya uzazi vya dume, hapo lenzi ya simu haitoshi tena, tafuta hadubini.

Na nawaomba sana wenye minazi msiwaue hawa nyigu. Jike anazama kwenye samadi au gogo lililooza, anamchoma funza wa mbawakawa, anataga yai juu yake na mtoto anamla huyo funza. Scolia ruficornis alichukuliwa Zanzibar akapelekwa Samoa mwaka 1945 kupambana na mbawakawa mwenye pembe anayetoboa minazi, jamaa wa chonga wetu, yule mbawakawa wa minazi wa huku. Hakuwamaliza, ila alishika makazi kule.

Kuhusu picha, muweke kwenye kichupa ndani ya friji kidogo apoe, si kwenye friza, kisha karatasi nyeupe chini yake, livute bawa taratibu kwa brashi laini mpaka lifunguke lote na upige kutoka juu kabisa, bila kuinamisha simu. Piga na ya chali, na ya uso. Ukinitumia andika eneo, mwezi, na alikuwa anazunguka juu ya nini, maua, samadi au gogo la mnazi.